Hesabu Isiyoiona Shingo

Tufanye hesabu ndogo. Mwanamke mwenye kilo 55 anachota maji kwenye chemchemi bondeni, anajitwika dumu la lita 20 na kupanda nalo mita 60 hadi nyumbani kwake. Ni safari isiyo na ajabu yoyote katika vilima vya Kyerwa, Tanzania, kuizunguka Rubwera yenye makao makuu ya wilaya, ambako nyumba na migomba hukaa mgongoni mwa kilima na maji hukaa chini. Yeye, maji na dumu tupu kwa pamoja ni kilo 76 hivi. Kuupandisha uzito huo mita 60 kunadai kazi ya juli zipatazo 44,700. Misuli ya binadamu hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na sehemu inayobaki hupotea kama joto, kwa hiyo chakula kinachoungua kwa ajili ya kupanda ni kilokalori 43 hivi, takriban nusu ya ndizi mbivu moja. Ukiyatenga maji peke yake, mchango wao haufiki kilokalori 12. Hesabu hii haina kosa. Mwalimu yeyote wa fizikia wa kidato cha tatu ataipa alama zote. Na anayeisoma jinsi ilivyo ataondoka akiamini kwamba kupandisha maji kilimani ni jambo dogo, la kulipiwa kwa kipande cha ndizi, na kwamba anayelalamika anatia chumvi. Sitaki kubishana na hesabu yenyewe. Ninachobishana nacho ni uamuzi uliofanyika kabla ya kalamu kugusa karatasi: kwamba kitu cha kuhesabiwa kiwe nishati. Elimu ya biomekanika, yaani kuusoma mwili kwa kanuni za kani, wenzo na mwendo, imejaa maamuzi ya namna hiyo, na mengi huingia kimyakimya yakajificha ndani ya milinganyo.

Inafaa kukumbuka kwamba elimu hiyo ilipozaliwa, swali lake lilikuwa la mpagazi. Giovanni Alfonso Borelli, Mtaliano ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu mwendo wa viumbe kilichapishwa mwaka 1680 na 1681, baada ya kifo chake, alijiuliza ni nini kinatokea ndani ya mgongo wa mchukuzi aliyeinama huku amebeba mzigo wa ratili 120 shingoni. Jibu lake lilikuwa kwamba misuli na diski za uti wa mgongo hubeba kwa jumla zaidi ya ratili 25,000. Alizidisha, tena sana, lakini hoja iliyomfikisha hapo ndiyo inayotumika hadi leo. Misuli ya mgongo imeshikana na mifupa karibu mno na egemeo, sentimita chache tu, ilhali mzigo uko mbali, kwa hiyo lazima msuli uvute kwa kani inayouzidi mzigo mara nyingi. Kabla yake watu walidhani mwili umepewa wenzo wa kuurahisishia kazi. Borelli alionyesha kinyume chake: mwili wetu umeundwa kwa ajili ya mwendo wa haraka na mpana, na gharama ya mwendo huo hulipwa ndani, pale viungo vinapokutana. Baadaye elimu hii ilihama. Ilikwenda kwa rubani na kiti chake, kwa dereva anayegonga ukuta, kwa mwanariadha anayesaka kupunguza sekunde moja, kwa mgonjwa anayewekewa nyonga ya chuma. Mchukuzi aliachwa nyuma, na aliporejea katika vitabu alirejea akiwa fumbo la kustaajabiwa.

Aliporejea ilikuwa mwaka 1986, na ilikuwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Geoffrey Maloiy, mtaalamu wa fiziolojia wa Kenya, pamoja na Norman Heglund, C. Richard Taylor na wenzao, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya waliotembea juu ya mashine ya mkanda huku hewa waliyovuta na kutoa ikipimwa. Wajaluo walibeba kichwani. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Matokeo yaliwashangaza wote: mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo, na ongezeko lilianza baada ya kuvuka kiwango hicho tu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walitoa maelezo. Mtu anapotembea, kitovu cha uzito wake hupanda na kushuka mfano wa pendulamu ya saa ya ukutani iliyopinduliwa: anapopanda juu ya mguu mwendo hupungua na kimo huongezeka, anaposhuka kimo hurudi kuwa mwendo. Ubadilishanaji huo kamwe haukamiliki, na sehemu inayopotea ndiyo misuli hulazimika kuifidia kila hatua. Wanawake wale walipobebeshwa mzigo walibadilishana nishati hiyo kwa ufanisi zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu, jambo ambalo Wazungu waliolinganishwa nao hawakulifanya. Ni utafiti mzuri, na maelezo yake ni ya kupendeza kwa namna ambayo ni maelezo ya fizikia tu yanayoweza kupendeza. Lakini mkanda ule ulikuwa tambarare. Kwenye mlima pendulamu haina cha kurudisha, kwa sababu kila hatua inadai kimo kipya ambacho hakirudi hadi siku ya kushuka, na wanaoteremka kwenda chemchemini huwa na dumu tupu. Isitoshe, Ray Lloyd na wenzake walipowapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2010, hawakuikuta safari hiyo ya bure kama kanuni ya jumla. Walikuta watu wanaotofautiana sana, mmoja anabeba kwa wepesi na mwenzake anagharimika. Na wanawake hao walipoulizwa kuhusu usumbufu wa kubeba kichwani, shingo ndiyo iliyotajwa kama kikwazo.

Utafiti wa 1986 ulienea kuliko ule wa Lloyd, na sababu yake haiko mbali. Waswahili tuna msemo kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Ulizaliwa katika zama za misafara, wakati Wanyamwezi walipokuwa wapagazi mashuhuri wa njia zilizotoka pwani, zikiwemo zile zilizofika Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani katika ufalme wa Karagwe. Msemo unasifu, na papo hapo unamtua msemaji mzigo wake. Ukishakubali kwamba kuna miili iliyoumbwa kwa ajili ya kubeba, huna tena sababu ya kuuliza inabeba kiasi gani na kwa muda gani. Habari ya wanawake wa Kiafrika waliogundua siri ya kubeba bila gharama ilipokelewa ulimwenguni kwa masikio ya msemo huo. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Walisema oksijeni haikuongezeka. Ni wasomaji waliochukua oksijeni wakaifanya kuwa gharama yote.

Mtu anaweza kudhani kwamba dosari hii ni ya wasomaji wavivu, na kwamba mfano kamili wa kompyuta, unaoonyesha mifupa na misuli yote, hautaangukia humo. Nimefikia maoni tofauti, na hapa inabidi tuingie kidogo ndani ya mtambo. Programu kama OpenSim, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007 na inayopatikana bure, huuchukulia mwili kuwa vipande vigumu vilivyounganishwa kwa viungo, na misuli kuwa kamba zinazovuta. Tabia ya kamba hizo, yaani kwamba msuli huvuta kwa kani ndogo zaidi kadiri unavyofupika kwa kasi, inatokana na kanuni aliyoiandika A. V. Hill mwaka 1938 baada ya kupima misuli ya chura. Hadi hapo hakuna tatizo kubwa; chura ametutumikia vyema. Tatizo linakuja kwamba misuli ni mingi kuliko milinganyo. Kiwiko kimoja kinakunjwa na misuli kadhaa, na mwendo tunaoupima kwa kamera hautuambii ni msuli upi uliovuta kiasi gani. Migawanyo isiyo na idadi ingeweza kuzaa mwendo uleule. Ili kompyuta itoe jibu moja, sharti iambiwe mwili unapendelea nini. Tangu Crowninshield na Brand walipochapisha pendekezo lao mwaka 1981, jibu la kawaida ni kwamba mwili huchagua mgawanyo wenye jasho dogo kabisa, na jasho hilo huandikwa kama jumla ya kani ya kila msuli kwa eneo lake, iliyopandishwa kipeo. Kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea bila mzigo, dhana hii inafanya kazi vizuri kiasi cha kutosha. Lakini tazama kilichotokea. Uchumi wa nishati, ambao kwa Maloiy ulikuwa jambo lililopimwa, hapa umekuwa sharti lililoandikwa kabla. Mwili ndani ya kompyuta hauwezi kuwa mwoga, hauwezi kukaza misuli ya pande zote mbili za kiungo kwa sababu njia inateleza baada ya mvua au kwa sababu jana shingo ilishtuka. Mtu halisi hukaza. Kukaza kote kule ni ubadhirifu mbele ya mlinganyo, na ndiko kunakozibana diski.

Shingo ndiyo mahali pa kulithibitisha hili. Mwaka 1998 Manohar Panjabi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua pingili za shingo za maiti, mifupa na kano zake bila misuli, wakazibebesha uzito taratibu ili waone zitahimili kiasi gani kabla ya kujipinda na kuanguka. Zilihimili nyutoni 10.5 hivi, uzito wa kilo moja na ushei. Ni kama robo ya uzito wa kichwa chenyewe. Maana yake ni kwamba mifupa ya shingo peke yake haiwezi kusimamisha kichwa. Misuli ndiyo inayokisimamisha, kwa kuvuta pande zote kama kamba za mlingoti, muda wote mtu yuko macho. Sasa weka juu yake maji ya dumu, nyutoni 196, karibu mara 19 ya kile kilichoipinda shingo isiyo na misuli. Misuli lazima ivute zaidi ili nguzo isimame, na kila inachovuta kinajumlishwa kwenye mzigo unaozikandamiza pingili. Oksijeni ya ziada kwa kazi hiyo ni ndogo mno, maana misuli ya shingo ni midogo na haisogei, hivyo vipimo vya hewa huipita bila kuiona. Picha za eksirei ndizo zinazoiona. Jumah na Nyame walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa Ghana uliohusisha ubebaji wa kichwani na kuchakaa kwa pingili za shingo. Echarri na Forriol, miaka kadhaa baadaye, wakaeleza mabadiliko ya namna hiyo kwa wabeba kuni wa Kongo. Tafiti hizi ni ndogo, na kuchakaa katika picha hakulingani kila mara na maumivu. Kuna watu wenye shingo zilizochakaa wasiojua hata kama wanazo. Lakini mwelekeo wake ni mmoja, nao haupatani na neno bure.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya nishati hulificha kabisa: safari yenyewe si sehemu mbaya kuliko zote. Mtazame anayejitwika. Dumu liko chini, limejaa, limeloa; anaweka ngata kichwani, anainama, anashika kishikio kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, analivuta hadi gotini, anapumua, kisha analirusha juu kwa pigo moja huku kichwa kikienda kulipokea. Yote yanaisha chini ya sekunde tano. Chukua ile sehemu ya kwanza ya kuinama, ya kulinyanyua kutoka ardhini. Kilo 20 zikiwa sentimita 40 mbele ya egemeo la kiuno, na kiwiliwili chake, mikono na kichwa, kilo 33 hivi, kitovu chake kikiwa sentimita 25 mbele, jumla ya mzunguko ni nyutoni-mita 159. Misuli ya mgongo ina wenzo wa sentimita 5 tu, kwa hiyo inavuta karibu nyutoni 3,200, na ukijumlisha uzito wenyewe mgandamizo unapita 3,400, kiwango ambacho taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huchukulia kuwa hapo ndipo hatari kwa diski za kiuno huanza kuongezeka. Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walithibitisha picha hii mwaka 1999 kwa kuweka kihisio ndani ya diski ya mtu hai: mgandamizo wa megapaskali 0.5 alipokuwa amesimama ulipanda hadi 2.3 aliponyanyua mzigo wa karibu kilo 20 kwa mgongo uliokunjika. Aliponyanyua kwa kukunja magoti ulikuwa 1.7. Wanaochota maji hawakuhitaji kihisio kulijua hili. Ndiyo maana penye watu wawili mmoja humtwika mwenzake, na aliyekuja peke yake husubiri, au hutafuta jiwe au kingo ya kuliweka dumu kwanza. Anayesema kwamba wenyeji wanajua na hawahitaji milinganyo ana haki nusu. Maarifa ya kutwikana ni ya kweli, na mfano wa hisabati unapoyakuta unayakubali. Lakini diski haina mishipa ya fahamu ya kutosha kumwonya mtu wakati inachakaa. Mwili hutoa taarifa miaka mingi baada ya deni kuiva, na hapo anayelipa hana tena wa kumdai.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ni mwili wa nani uliomo katika hesabu hizi? Mtu yule wa Ulm alikuwa mmoja tu, mwanamume wa miaka 45. Jedwali linalomwambia mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba pale Muhimbili kwamba kichwa na shingo ni asilimia 8.1 ya uzito wa mwili lina asili yake katika maiti nane za wanaume zilizokatwa na kupimwa na Wilfrid Dempster huko Michigan, ripoti ikatoka mwaka 1955, na kusudi lake lilikuwa nafasi anayohitaji mwendeshaji aliyeketi kwenye chombo cha jeshi la anga. Nimeona watu wakiishia hapo, kana kwamba kuitaja asili ya jedwali ni kulibatilisha. Sidhani kosa kubwa liko humo. Wenzo ni wenzo, na kama kichwa cha mwanamke wa Kyerwa ni asilimia 7.6 au 8.4 badala ya 8.1, jibu la kiuno litasogea kwa sehemu ndogo ambayo haitabadili uamuzi wowote. Kinachobadili uamuzi ni kwamba maiti zile hazikuwahi kujitwika kitu. Mfupa na diski hujengeka kulingana na kazi zinazopewa, na aliyeanza kubeba tangu utotoni ana shingo yenye historia ambayo hakuna jedwali lililowahi kuiuliza. Kipimo kinachokosekana ni cha mwili ukiwa kazini, kwenye mteremko wake, na dumu lake. Vifaa si kisingizio tena. Programu ni ya bure, na simu ya kawaida inachukua video inayotosha kupima pembe za viungo.

Lakini kupima tu hakutoshi, na Karagwe inalo somo lake la kale kuhusu hilo. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke, akiwa mgeni wa mfalme Rumanyika, alichukua utepe akampima mmoja wa mashemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya jumba lile. Akaandika mzingo wa mkono futi 1 inchi 11, kifua futi 4 inchi 4, paja futi 2 inchi 7, akazichapa namba hizo katika kitabu chake cha mwaka 1863, zikasomwa London. Huenda ni vipimo sahihi. Havikujibu swali lolote ambalo mwanamke yule angeweza kuwa nalo. Wanaoiogopa hisabati ya mwili kwa kusema mtu si mashine, kwa kweli wanaogopa utepe wa namna hiyo, na nadhani wana sababu. Jibu langu ni kwamba mfano mzuri wa hisabati hufanya kinyume cha Speke. Unaanza na swali, unataja wazi umeacha nini nje, na unatoa namba inayoweza kukanushwa na mtu mwenye mwili huo.

Na lipo pingamizi la mwisho, ambalo kwa hakika ndilo la kwanza kwa mtu wa Kyerwa: yote haya ni maneno, leteni bomba. Nakubali. Hakuna mlinganyo unaoshinda bomba la ndani ya nyumba. Ila sera inayoliongoza bomba lenyewe imejaa namba, na namba hizo ni za aina ileile tuliyoanza nayo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Mita 400 zile ni za kwenda mbele. Kwenye vilima vyetu zinaweza kuwa na mita 10 za kupanda au 80. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: kaya ya watu 6 inayofikia lengo hilo kikamilifu inachota lita 150 kwa siku, yaani madumu saba na nusu, na kila dumu ni kuinama kumoja na kutwika kumoja. Kukisogeza kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, karibu kunapunguza hatua, yaani kunapunguza nishati, lakini hakupunguzi hata mara moja idadi ya kunyanyua; kwa kuwa maji sasa yako karibu, huenda kukaiongeza. Mafanikio ya sera yanapimwa kwa sarafu ambayo mwili wa mchotaji hauilipi sana, na ile unayoilipa kwa wingi haimo daftarini. Mambo ni hayohayo kwenye ghala. Kilogramu 100 zinazotajwa na sheria ya vipimo kuwa mwisho wa gunia la mazao, ile inayopigania kuondoa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, zimewekwa ili mkulima wa maharage asipunjwe na mnunuzi. Ni haki yake. Lakini gunia halali la kilo 100 bado litapanda mgongoni mwa mtu hadi kwenye lori, wakati pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya 55, na mlinganyo wa NIOSH unaanzia 23 katika hali nzuri kabisa kisha unashuka. Hata lita 20 za dumu hazikutoka kwenye mwili wa mtu anayezibeba kichwani. Debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni 4 za Kiingereza, lita 18 hivi. Kopo la petroli la lita 20 lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi, likapewa vishikio vitatu ili askari wawili waweze kulishika pamoja. Sisi tumebaki na ujazo, askari wa pili hayupo.

Kwa hiyo ningependa mjadala wa kilula, wakati wakala wa maji vijijini, RUWASA, unapochora ramani zake, uanze na kimo cha zege. Vituo vingi vina sakafu ambayo dumu hukaa karibu na ardhi. Ukijenga kando yake kizingo cha matofali cha kimo cha kifua, koki ikamwagia juu ya kizingo hicho na kishikio chake kikawa chini panapofikika, anayechota hanyanyui kitu kutoka ardhini: anasimama wima, dumu liko sentimita 25 mbele yake, analivuta kichwani. Hesabu ileile ya wenzo sasa inatoa karibu nyutoni 1,500 kiunoni, chini ya nusu ya ile ya kwanza, mara saba au nane kwa siku. Gharama yake ni matofali, mfuko wa saruji na mita moja ya msukumo wa maji ambayo mtandao wa mserereko unaotoka kilimani kwa kawaida unaimudu. Shingo bado haijapona. Kwake dawa ni toroli, baiskeli, au dumu dogo. Na kimo cha kifua kinategemea kifua cha nani. Kwa mama wa kilo 55 mita 1.2 huenda ikafaa. Kwa binti wa miaka 12 anayetumwa maji baada ya shule ni juu mno, na lita 20 ni karibu nusu ya uzito wa mwili wake, kwa hiyo panahitajika kizingo cha pili kilicho chini, koki yake, na dumu la lita 10.